Kunguru: Urafiki Wake na Mpaka Wake

Katika nchi ya Singida hapana mtoto asiyemjua kunguru. Huonekana juu ya mawe makubwa yauzungukayo mji, kando ya maziwa ya Singidani na Kindai, machinjioni, uwanjani pa shule, na zaidi karibu na banda la kuku. Wako wamtupiao mawe, wako wamtupiao makombo, na wako waulizao kama yafaa kumzoeza. Swali hili si la mchezo. Kuku kwetu ni kitoweo, ni ada ya shule, ni heshima ya mgeni ajaye bila taarifa. Naye kunguru hupenda vifaranga. Basi twapenda kueleza tabia ya ndege huyu, ili kila mtu aamue kwa akili.

Aina zake. Wa kwanza ni kunguru wa siku zote, mweusi mwenye kifua cheupe na ukosi mweupe. Hujenga kiota cha vijiti juu ya mti mrefu, na mara nyingi hutaga mayai manne au matano. Wa pili ni yule mkubwa wa nchi za miamba, mwenye mdomo mnene wenye ncha nyeupe, na doa jeupe kisogoni. Huyu hutaga katika magenge. Hawa wawili ni wenyeji wa Afrika. Wa tatu ni mgeni, kunguru wa Bara Hindi: ni mwembamba, shingo yake ya kijivu, wala hana weupe wo wote. Tutarudi kwake.

Akili zake. Kunguru hutambua uso wa mtu. Katika mwaka 2006, huko Marekani, wataalamu wa Chuo Kikuu cha Washington pamoja na Bwana John Marzluff walivaa barakoa yenye sura ya mtu wa kale, wakakamata kunguru saba, wakawatia pete miguuni, wakawaachia. Baadaye mtu akipita pale amevaa barakoa ile, kunguru walimpigia kelele na kumfuata. Aliyevaa barakoa nyingine alipita salama. Jambo hilo liliendelea miaka mingi, na hata kunguru wasiopata kukamatwa walijifunza uadui ule kwa wenzao. Kunguru wale si wa aina yetu, lakini ni wa ukoo mmoja na wetu. Basi mtoto arushaye jiwe leo asidhani kwamba limesahauliwa, na atoaye chakula vivyo hivyo.

Atakaye kuzoeana naye afuate haya:

1. Awe mtu yule yule, mahali pale pale, saa ile ile. Asubuhi ni bora.

2. Atoe kidogo tu, kiasi cha kuliwa chote mara moja: karanga chache zisizo na chumvi, au kipande cha nyama kisichotiwa chumvi. Makombo yakibaki huita panya na mbwa.

3. Akiisha kuweka chakula arudi nyuma, asimkazie ndege macho, wala asimkimbilie. Saburi ndiyo chambo chenyewe.

4. Asimlishe karibu na banda la kuku, wala kando ya shamba la karanga au mahindi yaliyopandwa karibuni. Amlishaye mlangoni pa banda amemfundisha njia.

5. Asimshike, asimfunge kamba, asimkate mabawa. Wazee walisema, kunguru hafugiki. Katika Ngome ya London hutunzwa kunguru wakubwa wasiopungua sita, lakini yuko mlinzi wa ngome aliyekabidhiwa kazi hiyo, na chakula chao hutolewa kila siku. Mkulima hana nafasi hiyo. Urafiki wa kunguru ni wa kuja na kuondoka.

Mpaka wake. Yatupasa kukumbuka habari za Unguja. Katika miaka ya 1890 kunguru wa Bara Hindi waliletwa huko ili wale taka za mji. Taka walizila, lakini wakazidi kwa wingi, wakavamia viota vya ndege wengine na kunyang'anya vifaranga. Kisha walienea katika miji ya pwani, na kuingia bara hata Morogoro. Ndege huyu hufuata taka za watu. Kwa hiyo mwenye shingo ya kijivu asilishwe kabisa, na aonekanapo kijijini, Bwana Shamba apewe habari upesi wakati wangali wachache. Mji usio na jalala wazi hauna cha kumkaribishia.

Wako watu ambao, wakiisha kupotewa na vifaranga, hutia sumu katika nyama na kuitupa nje. Jambo hili ni baya sana. Sumu haichagui: humwua tumbusi asafishaye mizoga, humwua mbwa wa jirani, na yaweza kumfikia mtoto. Dawa iliyo njema ni kuwafunika vifaranga kwa tenga katika majuma yao ya kwanza, pamoja na mama yao, mpaka wapate nguvu za kukimbia. Kuku aliyekufa kwa mdondo achomwe moto au azikwe chini sana, asitupwe jalalani, maana walao mizoga huweza kuubeba ugonjwa mpaka boma jingine.

Wala tusimhesabu kunguru kuwa mwizi tu. Hula panzi, viwavi na mizoga midogo, na kazi hiyo huifanya bila kudai ujira. Walimu wangefanya vema kuwapa wanafunzi mwezi mmoja wa kuwatazama kunguru wa shule na kuandika kila siku wamekula nini. Hapo kijiji kitajua faida na hasara yake kwa hesabu, si kwa maneno ya barazani.

Kwa ufupi: mjue kwa rangi yake, mlishe kidogo na mbali, usimfunge, na tenga la vifaranga lisikosekane nyumbani.