Dada, hizi mpya zinarudiwa?

Wiki hii nimeletewa kesi ya sebuleni. Binti wa miaka 19 ananiandikia kwamba kila akiweka anime mpya, kaka yake mkubwa anakuja kusimama nyuma ya kochi, anatazama dakika mbili, kisha anatoa hukumu: "Hiyo mwezi ujao umesahau hata jina. Sisi tulikuwa na vitu vya kurudia." Halafu huyo anaondoka zake. Binti anauliza: Dada, nimjibuje? Na je, ana haki?

Ana haki nusu. Nasema hivyo nikiwa na aibu kidogo, maana mpaka juzijuzi mimi mwenyewe nilikuwa kaka wa aina hiyo.

Hebu niwaambie tulivyokuwa tunarudia. Nilikuwa na flashi moja ya GB 8. Ndani yake ilikuwemo Cowboy Bebop yote, sehemu 26, na Death Note iliyokatikia sehemu ya 25 (walioiona wanajua kwa nini sikulalamika sana). Basi. Bando la kushusha kitu kingine hatukuwa nalo. Nikiirudia Bebop si kwamba nilikuwa nimekaa nikapima ubora wake. Umeme umerudi, kazi za nyumbani zimeisha, na flashi ni ileile. Mapenzi yalikuja baadaye, kama yanavyokuja kwa jirani unayekutana naye bombani kila asubuhi.

Kwa hiyo swali la kwanza la kumuuliza kaka ni hili: kaka, ile ulirudia kwa kupenda au kwa kukosa?

La pili ni la chekeche. Analinganisha Bebop ya mwaka 1998 na kitu ulichoanza kukitazama Jumanne. Lakini zile mbovu za miaka ya tisini ziko wapi? Hakuna aliyejisumbua kuzitunza. Na hata hizo nzuri, jamani, tusidanganyane. Kwenye Dragon Ball Z, Frieza alisema sayari ya Namek italipuka baada ya dakika tano, na sisi tukakaa sehemu baada ya sehemu tukizisubiri dakika hizo tano ziishe. Wenye mali wenyewe waliliona: mwaka 2009 Toei waliitoa upya kwa jina la Dragon Ball Kai, wakiwa wamekata maneno na kukodoleana macho kwingi. Naruto ya kwanza ina sehemu 220, na kuanzia ya 136 mpaka mwisho karibu zote ni za kujazia, hazimo kwenye manga, kwa sababu televisheni ilikuwa inakimbia kuliko mchoraji. Muulize kaka kama anazirudia hizo. Anaziruka. Sote tunaziruka.

Sasa nije kwenye ile nusu ambayo kaka ana haki.

Kwenye sehemu ya 24 ya Bebop, kundi linasambaratika: Faye ameondoka. Ed, yule mtoto mtundu, naye ameondoka, na mbwa amemfuata. Jet amechemsha mayai, ameyapanga kwenye sahani, sahani za watu wote. Yeye na Spike wanakaa na kuanza kula. Wanakula mayai yao, wakimaliza wanavuta sahani za wasiokuwepo, wanayasukumiza mdomoni moja baada ya jingine, mashavu yamejaa. Hakuna anayesema "nimewakumbuka". Hakuna anayelia. Ni muziki tu, na wanaume wawili wanakula mayai kama wanagombana nayo.

Nilipokuwa na miaka 17 nilicheka. Niliona ni ulafi. Mwaka uliofuata baada ya mdogo wetu wa mwisho kuolewa, niliirudia nikiwa na mama, na mama asiyejua lolote kuhusu anime akasema, "Hawa wamefiwa?" Nikazima taa nikajidai naenda kulala.

Kitu cha kurudiwa ndivyo kilivyo. Kinakuachia kazi ya kufanya mwenyewe, na kazi hiyo inabadilika kadiri unavyokua. Na hapa ndipo baadhi ya hizi mpya zinanichosha. Demon Slayer ya 2019, sehemu ya 19: mara ya kwanza niliinuka kwenye kiti, nikaita watu waje waone. Moto ule, wimbo ule! Mara ya tatu nikaenda jikoni kutazama maharage. Imechorwa kwa ustadi ambao zile za zamani hata zisingeuota, lakini Tanjiro ananieleza kila anachohisi, anachonusa na anachokusudia, mpaka mimi nimebaki na kazi ya kupiga makofi tu. Makofi hupigwa mara moja.

Ila msinielewe vibaya. Tatizo hilo si la umri. Kama hamjaiona Attack on Titan, rukeni aya inayofuata, msije mkaniandikia barua za lawama.

Ilianza 2013, ikaisha 2023. Kuna mahali msimu wa kwanza, baada ya mapigano ya Trost, Annie amesimama mbele ya maiti anaomba radhi. Mara ya kwanza unamwona msichana aliyeshikwa na simanzi kama wenzake. Mara ya pili unajua yeye ni nani na alikuja kufanya nini, na ile "samahani" inakuingia kama maji ya barafu. Reiner naye, yule kaka mkubwa wa kikosi: kila wema wake unauona na kivuli chake. Sikumbuki kitu cha ujana wangu kilichonibadilikia namna hiyo kwa kurudiwa.

Halafu kuna Frieren. Hii ndiyo ningempa kaka. Vita vimekwisha, mashujaa wanne wanarudi nyumbani baada ya safari ya miaka kumi, usiku vimondo vinapita angani. Frieren, ambaye ni mwelfu na ameishi zaidi ya miaka elfu, anasema vimondo hivi vitarudi baada ya miaka 50 na anajua mahali pazuri zaidi pa kuvitazamia, atawapeleka. Himmel, mwenzake aliye binadamu, anakubali. Mara ya kwanza unaona maongezi ya marafiki. Ukirudia, hesabu inakujia yenyewe: miaka 50 kwa Frieren ni kama wiki mbili, kwa Himmel ni maisha yote yaliyobaki. Yeye anajua. Frieren hajui, na atajua akiwa msibani. Hakuna aliyesema kitu. Ni mayai yale ya Jet, yamevaa nguo nyingine.

Wapo walioniambia Frieren inakwenda polepole mno. Nikiwauliza, wameumeza msimu wa kwanza wote, sehemu 28, kwa usiku mbili. Wenzenu wa Japani walionyeshwa nne za kwanza kwa pamoja mwezi Septemba 2023, kisha moja kwa wiki hadi Machi. Wiki nzima ya kutafuna! Nyinyi mnabugia kama kuna mtu anawanyang'anya, halafu mnasema chakula hakina ladha.

Mimi nina kipimo changu, na ni cha kienyeji. Nikimaliza msimu nauacha miezi kadhaa. Nikirudi sianzi na pambano. Nachukua sehemu ya katikati isiyo na vita, watu wako sokoni au wamekwama kwenye mvua, naweka simu chumba kingine. Nikifika mwisho bila kwenda kuichukua, hiyo inabaki. Odd Taxi ya 2021, yenye dereva teksi ambaye ni walarasi, yule ndugu wa sili mwenye pembe mbili, ilifaulu. Tena hiyo irudieni kwa sababu nyingine ambayo siwaambii. Kadhaa zilizokuwa gumzo mwaka huohuo zilifeli, na majina yake, kweli kaka, nimeyasahau.

Sasa wewe binti. Usimpelekee kaka orodha za anime kumi bora, wala usibishane naye akiwa amesimama, mtu aliyesimama nyuma ya kochi hashawishiki. Mwombe akuonyeshe yake kwanza. Kaa naye toka sehemu ya kwanza, usishike simu, umuulize maswali. Atafurahi kuliko atakavyokubali. Mkimaliza, deni liko kwake, na wewe unadai sehemu nne tu za Frieren, jioni moja.

Vimondo vitakapopita, kaka akanyamaza ghafla, usimgeukie kumtazama usoni. Msogezee karanga.