SOMO LA AFYA: MTOTO MWENYE KICHWA MAJI

Ndani ya ubongo wa kila mtu mna maji. Maji hayo hutembea, kisha huingia katika damu. Njia ikiziba, maji hujaa, na kichwa cha mtoto mchanga hukua kupita kiasi. Huu ni ugonjwa. Si shetani, wala si kosa la mama.

Mwaka 2014 kituo cha upasuaji wa ubongo kilifunguliwa katika Hospitali ya Mnazi Mmoja, mjini Unguja. Mara nyingi daktari huweka mpira mwembamba chini ya ngozi. Mpira huo huyatoa maji kichwani na kuyapeleka tumboni.

Basi mtoto akisharudi nyumbani, iwe Nungwi au Makunduchi, wauguzi wake ni nyinyi wazazi. Fanyeni hivi:

1. Naweni mikono kwa sabuni. Msipake kidonda mafuta wala mitishamba.
2. Mkimbeba, shikeni kichwa na shingo.
3. Mgeuzeni mara kwa mara, asipate vidonda.
4. Kila siku mguseni utosi akiwa amekaa, ametulia.

Mpira unaweza kuziba, hata baada ya miaka. Utosi ukivimba, au mtoto akitapika sana, akipata homa, akilala mno au akishikwa na degedege, msingoje kesho. Mpelekeni hospitali saa ile ile. Ukichelewa, anaweza kupoteza macho, au roho.

Maswali:
1. Mpira unafanya kazi gani?
2. Taja dalili tatu za hatari.