Kikao cha Wanaoacha Pombe

Mama mmoja alitujia wodini akiomba dawa ya kumtilia mumewe kwenye chai, aache pombe bila kujua. Hatukumpa, dawa ya namna hiyo ni hatari kwa anayeendelea kunywa. Tulimweleza habari za A.A., vikundi vya walevi wanaosaidiana kuacha.

Vikundi hivi vilianza Marekani mwaka 1935, na waanzilishi wawili walikuwa walevi wenyewe, mmoja wao daktari. Hakuna ada. Sharti ni moja: mtu awe na nia ya kuacha kunywa. Hutajwa jina la kwanza tu, na mgeni aweza kunyamaza kikao kizima. (Wanaume wengi huogopa hapo, kana kwamba kijiji kizima hakijawaona wakipepesuka!)

Ulizeni hospitalini au kwa paroko kama kuna kikundi karibu, kinakutana siku gani, na kama kikao ni cha wazi. Cha wazi, hata mke aweza kumsindikiza. Familia nazo zina vikundi vyao, Al-Anon.

Lakini anayekunywa sana kila siku asiache ghafla nyumbani. Siku mbili tatu za mwanzo aweza kutetemeka, kuona visivyokuwapo, kushikwa na kifafa, hata kufa. Tumepokea wa namna hiyo usiku, ndugu wakisema amerogwa. Aletwe hospitali kwanza, kikao kifuate.

Yule mume alipokwenda mara ya kwanza aliishia mlangoni, akarudi. Juma lililofuata aliingia, akaketi karibu na dirisha.