Mhandisi na Amri ya Tano

Mara nyingi, tusimamapo kaburini, husema: Kazi ya Mungu haina makosa. Ni neno la imani, wala hatulikatai. Lakini lipo jambo moja ambalo neno hili halifai kulifunika, nalo ni nyumba iliyoanguka kwa sababu nondo zilipunguzwa, au kwa sababu zege lilitiwa maji kupita kiasi, au kwa sababu aliyetia sahihi kwenye michoro hakuisoma. Hapo iliyokosewa si kazi ya Mungu, bali ni kazi ya mwanadamu.

Asubuhi ya Ijumaa Kuu, tarehe 29 Machi 2013, Wakristu walipokuwa wakijiandaa kuadhimisha Mateso ya Bwana, jengo la ghorofa 16 lililokuwa likijengwa katikati ya jiji la Dar es Salaam liliporomoka. Watu 36 walikufa, na miongoni mwao walikuwamo watoto. Tarehe 16 Novemba 2024, siku ya Jumamosi, jengo jingine lilianguka Kariakoo, wafanya biashara wakiwa katika shughuli zao. Zaidi ya watu 20 walipoteza maisha. Hatuandiki haya ili kumhukumu mtu, maana hukumu ni kazi ya mahakama. Twaandika kwa sababu katika nyumba nyingi za wasomaji wetu yumo kijana anayesoma uhandisi, au anayetamani kuusoma, na wazazi wake wanahesabu miaka iliyobaki kabla hajapata kazi. Leo twapenda kuzungumza na kijana huyo na wazazi wake juu ya njia iliyopo kati ya chuo na kazi, na juu ya dhamiri anayopaswa kuichukua njiani.

Katika Injili ya Luka, Bwana wetu aliutaja mnara wa Siloamu, ulioanguka ukaua watu 18. Akawaonya wasikilizaji wake wasidhani kwamba wale waliokufa walikuwa na dhambi kuliko wengine. Basi nasi tusiwalaumu waliofukiwa, wala tusiwatupie hatia wale ambao kosa lao lilikuwa kupita chini ya ukuta tu. Tena tangu zamani, katika kitabu cha Kumbukumbu la Torati, Musa aliwaagiza Waisraeli kwamba mtu akijenga nyumba mpya ajenge na ukingo juu ya dari lake, asije mtu akaanguka na damu yake ikawa juu ya nyumba hiyo. Twaona basi kwamba kujenga vibaya si suala la ufundi peke yake. Ni suala la amri ya tano, inayokataza kuua.

1. Shahada si ruhusa

Wazazi wengi hudhani kwamba siku ya mahafali, kijana akiisha kuvaa joho, amekwisha kuwa mhandisi kamili. Sivyo. Miaka 4 ya chuo kikuu humpa elimu. Ruhusa ya kuwajibika peke yake huja baadaye. Katika nchi yetu kazi hiyo imekabidhiwa Bodi ya Usajili wa Wahandisi, kwa Sheria ya mwaka 1997 iliyorekebishwa mwaka 2007. Anayetoka chuoni husajiliwa kwanza kuwa mhandisi mhitimu. Huyo bado ni mwanafunzi wa kazi: hufanya kazi chini ya mkubwa wake, naye hana mamlaka ya kuidhinisha peke yake. Baada ya mafunzo ya vitendo, na baada ya kuandika taarifa za kazi zake na kusailiwa na wenzake waliomtangulia, ndipo aweza kusajiliwa kuwa mhandisi mtaalamu. Mbele zaidi, mwenye uzoefu mkubwa aweza kuwa mhandisi mshauri.

Ili vijana wasitangetange bila mlezi, mwaka 2003 Bodi ilianzisha mpango maalumu wa mafunzo ya vitendo kwa wahitimu, unaochukua miaka 3. Kijana hukabidhiwa kwa mhandisi mzoefu wa kumwongoza, naye huandika katika daftari kazi alizofanya. Wapo wanaoiona miaka hiyo kuwa adhabu. Sisi twaiona kama unovisi wa mtawa au seminari ya padre: ni muda ambao maarifa hugeuka kuwa tabia. Padre hapewi Daraja Takatifu siku ile ile aliyofaulu mtihani wa teolojia. Wala daktari hapewi kisu na kuachwa peke yake na mgonjwa siku ya kwanza. Kwa nini basi tumpe kijana wa miaka 24 daraja la mto, akalijenge bila mkubwa wa kumwangalia?

2. Somo la Kansas City

Ili tuone jinsi kosa dogo la mezani linavyoweza kuwa msiba mkubwa, tuchukue mfano kutoka Marekani. Tarehe 17 Julai 1981, katika hoteli ya Hyatt Regency mjini Kansas City, watu walikusanyika kucheza dansi. Juu ya ukumbi zilining'inizwa njia za kupitia, moja usawa wa ghorofa ya nne na nyingine chini yake, usawa wa ghorofa ya pili. Jioni ile zote mbili zilianguka juu ya watu. Walikufa 114, na zaidi ya 200 walijeruhiwa.

Kosa lilikuwa wapi? Katika mchoro wa kwanza, fito ndefu za chuma zilitoka darini, zikapita kwenye njia ya juu na kufika hadi njia ya chini. Baadaye mpango ukabadilishwa ili kazi iwe rahisi: fito moja ndefu ikafanywa mbili fupi. Ya kwanza ilitoka darini ikaishia kwenye njia ya juu. Ya pili ikaanzia kwenye njia ya juu na kuishikilia njia ya chini.

Msomaji asiye mhandisi na awafikirie watu wawili wanaoning'inia kisimani kwa kamba moja. Kila mmoja akiishika kamba kwa mikono yake, kila mkono hubeba uzito wa mtu mmoja. Lakini wa chini akiiacha kamba na kuishika miguu ya mwenzake, mikono ya yule wa juu hubeba watu wawili. Ndivyo ilivyokuwa pale: viungo vya njia ya juu vilibebeshwa uzito mara mbili. Uchunguzi ulionyesha tena kwamba hata mpango wa kwanza haukufikia nguvu iliyotakiwa na kanuni za ujenzi. Badiliko lile lilipitishwa kwa mihuri na sahihi, lakini hapakuwa na mtu aliyeketi na kulipigia hesabu upya. Mwishowe wahandisi wawili walinyang'anywa leseni zao katika jimbo la Missouri.

Tuangalie vema. Katika habari hii hatukuta mwizi wa saruji wala mla rushwa. Twakuta watu wasomi ambao kila mmoja alidhani mwenzake amekwisha kuhakikisha. Hilo ndilo somo ambalo twapenda kila mwanafunzi wa uhandisi aliweke moyoni: sahihi yako maana yake ni kwamba wewe mwenyewe umeangalia. Kama hukuangalia, sahihi hiyo ni uongo, nao uongo huo wagusa amri ya nane kabla haujafika kwenye amri ya tano.

3. Muhuri hauazimwi

Tufikirie sasa kijana wetu, tumwite Petro, aliye katika mwaka wa pili wa mafunzo. Yuko kwenye ujenzi wa nyumba ya ghorofa 4. Mchoro wadai nondo 8 katika kila nguzo. Yeye ahesabu 6. Zege lamwagwa kesho asubuhi. Msimamizi amwambia: “Mdogo wangu, hizi 6 zatosha. Tumejenga hivi miaka yote, wala hapajaanguka kitu. Weka sahihi, watu wafanye kazi.” Petro ana mama kijijini anayengoja fedha ya dawa, na mdogo wake anayengoja ada. Afanye nini?

Kwanza, asitie sahihi. Zege likiisha kumwagwa, nondo hazionekani tena. Kosa ambalo leo laweza kurekebishwa kwa waya na koleo, kesho laweza kurekebishwa kwa kubomoa tu. Pili, aandike alichokiona, siku na saa, maana neno la mdomo hukanwa lakini maandishi hubaki. Tatu, ampelekee habari mhandisi anayemwongoza, asiogope kumwamsha usiku. Nne, kama wakubwa wote wakikataa kusikia, aende kwa wenye mamlaka: halmashauri iliyotoa kibali, au Bodi yenyewe. Huko si kumchongea bwana wake. Ni kuwalinda watu ambao hawajahamia bado katika nyumba ile na ambao hawana wa kuwasemea.

Lipo jaribu jingine linalomngoja akiisha kuwa mtaalamu. Atakuja mtu na bahasha na michoro iliyochorwa na mwingine, aombe muhuri tu. Kazi ni ya dakika moja, na malipo ni mazuri. Twasema kwa uwazi: muhuri hauazimwi, kama vile padre asivyoweza kuazimisha ondoleo la dhambi kwa mtu ambaye hakumsikia. Wahandisi wetu wataalamu huapa kiapo mbele ya hadhara katika Siku ya Wahandisi ya kila mwaka. Kwetu sisi Wakatoliki kiapo ni kumwita Mungu awe shahidi. Basi anayekivunja hamdanganyi mteja peke yake.

4. Juu ya kupata kazi

Twajua kwamba wapo watakaosema: “Maneno hayo ni mazuri, lakini kwanza kijana apate kazi.” Ni kweli, kazi ni shida, na wahitimu wengi hukaa miezi mingi wakibisha milango. Hatuwezi kuwapa kazi, ila twaweza kuwapa mashauri machache.

Kijana asiidharau kazi ndogo. Kalvati moja ya kijijini iliyosimamiwa vizuri, pamoja na hesabu zake na kumbukumbu zake, humfundisha na kumshuhudia kuliko kukaa mjini akingoja ofisi yenye kiyoyozi. Ajifunze kwa mafundi wa zamani, ambao huitambua saruji iliyoharibika kwa kuishika tu; lakini ajifunze pia kupima, maana mkono wa fundi haumaanishi kwamba maabara haina kazi. Vipande vya zege hupondwa baada ya siku 7 na siku 28 ili nguvu yake ijulikane. Anayeandika matokeo bila kuponda chochote ameanza kuchimba kaburi la mtu. Ajizoeze kuandika kwa lugha safi na fupi, maana mhandisi asiyeweza kueleza hatari kwa maandishi hataweza kuizuia.

Tena asinunue kazi kwa rushwa. Wazazi wengine huuza ng'ombe ili mtoto “apitishwe” mahali fulani, wakidhani wanamsaidia. Wanamfunga. Aliyekinunua kiti chake ataanza kutafuta namna ya kurudisha fedha, na kitu cha kwanza atakachopata cha kuuza ni sahihi yake.

5. Wajibu wetu sisi wengine

Haifai kuwatwika vijana mzigo wote. Kijana mnyofu ataonekana msumbufu katika nchi ambayo wenye nyumba wanapenda bei rahisi kuliko usalama. Sisi ndio tunaoongeza ghorofa juu ya msingi uliopimwa kwa nyumba ya chini. Sisi ndio tunaomwambia fundi apunguze saruji ili mifuko miwili ibaki. Wala tusijisahau ndani ya Kanisa: mara ngapi kamati ya kigango imejenga kanisa kwa harambee, ikaweka paa juu ya mamia ya waamini, bila kumwita mhandisi hata siku moja, kwa kuwa fundi ni mtu wetu? Nia njema haishiki paa. Bwana wetu, aliyelelewa na fundi, alitofautisha aliyejenga juu ya mwamba na aliyejenga juu ya mchanga. Hakuuliza nani kati yao alikuwa na nia njema.

Baba Mtakatifu Pio wa Kumi na Mbili, mwaka 1955, aliiweka tarehe 1 Mei kuwa sikukuu ya Mtakatifu Yosefu Mfanyakazi. Twawasihi wazazi wenye watoto vyuoni wawaweke chini ya ulinzi wake. Lakini pamoja na sala, wawaambie kwa kinywa chao wenyewe neno hili, ambalo kijana atalihitaji siku ya bahasha: “Mwanangu, tutavumilia njaa pamoja nawe. Usitie sahihi.” Mtoto anayejua kwamba nyumbani watampokea hata akifukuzwa kwa ajili ya ukweli, huyo ana msingi ambao chuo hakiwezi kumpa.

Maswali ya kutafakari nyumbani na katika Jumuiya

1. Katika nyumba yetu, je, kijana aweza kueleza shida ya dhamiri kazini bila kuogopa kulaumiwa kwa kupoteza mshahara?

2. Majengo ya kigango chetu yalikaguliwa na nani, na lini?

3. Tulipojenga nyumba yetu wenyewe, ni wapi tulipunguza gharama, na ni nani atakayelala chini ya upungufu huo?