Akiba ya Ujirani

Ndugu msomaji, hebu nikuulize. Usiku wa leo ukisikia kwamba watu wa mtaa wa pili wanakuja kuchoma ploti yenu, utampigia nani simu akuambie kweli? Kama huna jibu, somo hili ni lako.

Mnamo Oktoba 2017, uchaguzi wa urais uliporudiwa tarehe 26, ghasia zilizuka hapa kwetu Kawangware. Maduka na vibanda vilichomwa. Nilikuwa na miaka saba. Jioni moja fununu ikafika kwenye ploti yetu kuwa kuna vijana wanakuja usiku. Mara wanaume wakajigawa makundi mawili kwa kabila, kila mtu na rungu lake. Na hao ni watu waliochota maji kwenye mfereji mmoja asubuhi ile ile!

Mama yangu alikuwa mweka hazina wa chama cha akina mama cha kuchangiana pesa. Daftari lake lilikuwa na nambari za simu za wanachama wa makabila mbalimbali. Akampigia mmoja aliyeishi kule wavamizi walikosemekana kutoka. Akajibiwa, "Wapi! Hata sisi tumeambiwa nyinyi ndio mnakuja. Watoto tumewaficha chini ya kitanda." Mama akaweka spika ili wote wasikie. Marungu yakashuka, chai ikapikwa.

Lakini si wote walioinywa. Mama mmoja wa nyumba ya mwisho alikuwa ameondoka kabla ya giza, godoro kichwani, mwanawe akimfuata. Mtoto huyo alikuwa rafiki yangu. Mama yake hakuwa kwenye chama, na hakuna aliyekuwa na nambari yake. Hawakurudi tena.

Je, tunajifunza nini?

Kwanza, imani hujengwa kabla ya shida. Matokeo ya urais yalipotangazwa tarehe 30 Desemba 2007, nchi iliwaka moto. Zaidi ya watu 1,100 walikufa na zaidi ya 600,000 wakahama makwao. Wakati huo Wakenya watano walikutana katika Hoteli ya Serena, pale karibu na Uhuru Park, wakaanzisha mikutano ya kila siku ya raia wanaotaka amani. Mmoja wao alikuwa marehemu Dekha Ibrahim Abdi. Yeye hakuanzia hotelini. Miaka ya tisini, yeye na wanawake wenzake kule Wajir walihakikisha kila mwanamke, wa ukoo wowote, anauza na kununua sokoni bila kusumbuliwa. Mwenzake, Jenerali Lazaro Sumbeiywo, alikuwa amepatanisha pande za vita vya Sudan. Hivyo mkataba wa Kibaki na Raila ulipotiwa saini tarehe 28 Februari 2008, chini ya upatanishi wa Kofi Annan, raia nao walikuwa wameshaanza kazi. Akiba haiozi.

Pili, hakikisha habari kabla ya kuipitisha. Uliza mtu aliye mahali penyewe. Fununu ya kwetu ilidumu saa tatu. Simu ya kuiua ilichukua dakika mbili.

Tatu, muungano wa kupeleleza peke yake hautoshi. Mwaka wa 2013, baada ya shambulio la Westgate kule Westlands, serikali ilileta Nyumba Kumi kwa kufuata mfano wa Tanzania. Ni wazo zuri, ila jirani anayenijia tu kuniuliza mgeni wangu ni nani, nitamwogopa. Yule tuliyezika naye na kuchanga naye, huyo nitamwambia kweli.

Nne, na hili ndilo linaloniuma, muungano hufaa walio ndani yake. Aliye nje huachwa.

Wenzangu, uchaguzi mwingine ni Agosti 2027. Sisi wanafunzi wa kutwa hurudi nyumbani kila jioni, Kangemi, Kawangware na Dagoretti, kwa hivyo tunaweza kuanza sasa. Wiki hii mtafute jirani ambaye hamjawahi kusalimiana. Msaidie kubeba mtungi, muulize hali, kisha uombe nambari yake.

Mimi nimeanza na nyumba ile ya mwisho. Siku hizi anaishi mama mwingine. Nambari yake tayari iko kwenye daftari la mama.