Mgongo wa Mtoto Hufungwa Kabla Mama Hajajua Ana Mimba

Ubongo na uti wa mgongo wa mtoto huanza kama utando bapa. Katika wiki ya tatu tangu mimba kutungwa, utando huo hubonyea katikati. Kingo zake huinuka, hukutana na kushikana, ukawa mrija. Kufikia siku ya 28 mrija huwa umefungwa. Siku hizo akina mama wengi hawajajua kwamba wana mimba.

Sehemu ya chini isipofungwa, mtoto huzaliwa na mgongo wazi. Hiyo si laana, wala si kosa la mama.

Ufanye nini?

- Ukitarajia kupata mimba, omba kliniki vidonge vya asidi ya foliki. Kipimo cha kawaida ni mikrogramu 400 kila siku, kuanzia angalau mwezi 1 kabla ya mimba hadi miezi 3.
- Kula maharagwe, kunde na mboga za majani. Usizichemshe mno.
- Ukiwahi kuzaa mtoto mwenye mgongo wazi, au ukitumia dawa za kifafa, mweleze muuguzi mapema. Usiziache dawa mwenyewe.
- Mtoto akizaliwa na uvimbe au kidonda mgongoni, mfunike kwa kitambaa safi, mlaze ubavu, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.