Chujio Lililo Hai

Samaki wa mikokoni wanaofugwa katika tangi la kioo huweza kufa ilhali maji yangali maangavu. Kinachowaua ni amonia, itokayo katika kinyesi chao na mabaki ya chakula.

Lita 1 ya maji ya bahari huchanganywa na lita 2 za maji ya bomba yaliyoachwa wazi siku 2 ili klorini itoke. Kila lita huwa na chumvi gramu 12 hivi. Pampu ya hewa huyapitisha maji hayo katika changarawe. Humo bakteria hugeuza amonia kuwa nitriti, kisha nitrati, ambayo sumu yake ni hafifu.

Chembe za chakula zikioza humo kwa wiki 4 hadi 6, bakteria huongezeka. Ndipo samaki watiwe, wachache wachache. Changarawe ioshwe kwa maji ya tangi lenyewe: klorini ikiwaua bakteria, samaki nao hufuata.